Popo wa Kanisani: Jinsi Tulivyoanza Kuwahesabu

Mama mwenzangu, kama umewahi kusali katika kanisa lenye popo darini huna haja ya kuelezwa ile harufu. Inakupokea mlangoni kabla ya mzee wa kanisa. Katika usharika wetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, tulikuwa tumeizoea hata mgeni ndiye aliyekuwa akitukumbusha. Kila Jumamosi zamu ya usafi ilipofika tulifagia vile vinyesi vyeusi kama punje za mchele kutoka madhabahuni na kwenye mabenchi, vumbi likatimka, tukakung'uta vitambaa, kisha tukarudi nyumbani tukikohoa. Hakuna aliyejiuliza kikohozi kile kilitoka wapi. Nami niliyesomea uuguzi na kupata stashahada nilikuwa miongoni mwa waliofagia.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, wazee waliamua kwamba imetosha. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alifungua Walawi sura ya 11, ambapo popo ametajwa katika orodha ya ndege wasioliwa, akasema haifai kiumbe najisi kukaa juu ya madhabahu. Kisha akanigeukia. "Sista, wewe ni mtu wa hospitali. Unasemaje?"

Nilijibu upesi, kama tunavyojibu tukiwa na haraka kliniki. "Zibeni tu, mzee. Hao ni magonjwa matupu."

Fundi alikuja siku ya Jumatano mchana. Aliziba kila tundu kati ya ukuta na bati kwa saruji na waya, akalipwa, akaondoka. Popo walikuwa ndani wamelala.

Usiku ule mlinzi alisikia kelele juu ya dari, kama vifaranga wengi wanaolia kwa pamoja. Siku ya pili zikazidi. Jumapili asubuhi, watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wameketi, popo walianza kuteremka kupitia nyufa za dari, wamechoka, hawawezi kuruka. Walianguka juu ya mabenchi na sakafuni. Wengine walikuwa na vitoto vimewang'ang'ania kifuani, havina manyoya, vya rangi ya waridi. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka sita, alimwonea huruma mmojawapo akamwokota. Popo akamng'ata kidole.

Nilimwosha kidonda kile kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika kumi na tano nzima, huku mikono yangu ikitetemeka. Kichaa cha mbwa katika nchi yetu huletwa na mbwa karibu mara zote, lakini popo naye ni mnyama anayeweza kubeba virusi vya jamii hiyo, na ukingoja dalili umekwisha kuchelewa, kwa maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa. Basi mtoto alipelekwa kupata chanjo, akarudi kuchomwa mara nyingine hadi akamaliza, na mfuko wa wanawake ukasaidia gharama. Ni mzima, namshukuru Mungu. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno. Alinitazama tu, nami nililielewa lile tazamo.

Waliobaki walifia darini. Majuma yaliyofuata tulisali nje, chini ya mti, kwa sababu ya uvundo. Mwishowe dari ikabomolewa.

MAMA ANAYENYONYESHA

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma. Mpwa wa mama mmoja katika kikundi chetu alikuwa akisomea mambo ya wanyamapori, na likizo ilipofika tulimwita atueleze tulikosea wapi. Alikaa nasi chini ya mti uleule. Akina mama walikuja wakiwa na shaka, na wengine walikuja kumcheka. Kwetu popo ni kiumbe cha kutisha. Wapo wanaosema ni wa wachawi, na wapo wanaomhofia kwa sababu hajulikani ni ndege au ni panya.

Popo si ndege wala si panya. Ni mnyama anayenyonyesha kama ng'ombe na kama sisi. Ulimwenguni zipo aina zaidi ya 1,400, yaani katika kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha, moja ni popo. Kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mzao. Panya anaweza kuzaa kumi kwa mara moja na baada ya muda mfupi akazaa tena, kwa hiyo ukiua panya hamsini nafasi yao hujazwa haraka. Ukiua popo hamsini, pengo hilo huchukua miaka kuzibika. Na wengi huzaa mvua zinapoanza, kwa sababu ndipo wadudu wanapokuwa tele na mama hupata chakula cha kutosha cha kutoa maziwa. Sisi tulikuwa tumeziba matundu katika majuma yaleyale ya kuzaa.

Mama mmoja, mjane, aliuliza swali ambalo sikulitegemea. "Wale waliokuwa wakilia usiku, ni mama au ni watoto?" Kijana akajibu kwamba ni wote: vitoto huita, na kila mama humtambua mwanawe kwa sauti na harufu kati ya mamia. Hakuna aliyecheka tena.

Wale wadogo wa darini hula wadudu. Popo mmoja anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito wa karibu nusu ya mwili wake, na anayenyonyesha hula zaidi. Miongoni mwa wadudu hao wamo nondo, ambao viwavi vyao huharibu mahindi yetu. Sisemi kwamba popo watamaliza viwavi shambani kwako. Hawamalizi. Lakini ni vibarua wasiodai posho.

Wapo pia popo wakubwa wa matunda. Mama anayesafiri kwa basi kwenda Morogoro anapofika Ruaha Mbuyuni hununua vitunguu na ubuyu. Ua la mbuyu hufunguka jioni, ni jeupe, limening'inia, na harufu yake si ya kupendeza kwa pua ya binadamu. Linamngoja popo. Anapokuja kunywa utamu wake hupakwa chavua usoni na kuipeleka mti mwingine. Mvule pia, mti wa milango na samani za thamani, mbegu zake husambazwa na popo hawa.

Nao husafiri mbali kuliko wengi wetu. Ukipanda treni ya TAZARA Mbeya, ukavuka Tunduma na kupita Mpika, unafika Serenje nchini Zambia. Katika wilaya hiyo ya zamani ipo Hifadhi ya Kasanka, ambako kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, popo wa matunda wanaokadiriwa kufikia milioni 10 hukusanyika katika msitu mdogo. Watafiti walipowafunga baadhi yao vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, mmoja alikutwa amesafiri zaidi ya kilometa 1,900 kuelekea Kongo.

JE, MAGONJWA?

Nilimwambia mzee wetu kwamba popo ni magonjwa matupu. Jambo hili nataka nilieleze polepole, maana lina ukweli ndani yake, na mama mwenye watoto anayo haki ya kuujua.

Kinyesi cha popo kikirundikana mahali penye unyevu huweza kuota kuvu ambayo vumbi lake likivutwa huingia mapafuni. Mgonjwa hukohoa, hupata homa, hupungua uzito, na huweza kudhaniwa ana kifua kikuu. Basi ule ufagiaji wetu mkavu wa Jumamosi ulikuwa hatari kuliko popo wenyewe. Kinyesi kilowanishwe kwanza kwa maji, mtu avae barakoa na glovu, akizoe kikiwa kibichi, na watoto wawe mbali. Mwenye upungufu wa kinga asipewe kazi hiyo kabisa.

Halafu kuna Marburg. Mwezi Machi 2023 ugonjwa huu ulitangazwa mkoani Kagera, na watu 6 walifariki. Januari 2025 ukatangazwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo, na watu 10 wakapoteza maisha. Virusi vyake huishi katika popo wa matunda wanaokaa mapangoni na migodini. Si kila popo anavyo, na mtu hupata hatari zaidi akiingia na kukaa katika mapango hayo, au akimgusa mgonjwa au maiti bila kinga. Kwa hiyo vijana wasiingie mapangoni kucheza, nyama ya popo isiliwe, na tunda lililong'atwa usiku litupwe.

Sasa msikilizeni huyu aliyesema "zibeni tu". Nchini Uganda, katika mgodi wa Kitaka, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Mwaka uliofuata popo wa mgodi ule waliangamizwa na matundu yakazibwa. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika eneo lilelile la Ibanda. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wachache wamerejea, na kati yao waliokuwa na virusi ni asilimia 13, hali kabla ya maangamizi walikuwa asilimia 5 hivi. Sababu inayodhaniwa ni kwamba popo wapya waliohamia hawakuwa na kinga, wakaambukizana upesi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mtoto na kidole chake. Popo walipokuwa darini walituachia uchafu. Tulipowaua ndipo walipotushukia vichwani.

WENZETU WA PEMBA

Yule kijana ndiye aliyetuambia habari za Pemba. Mimi kisiwa hicho sijakifikia, lakini ningependa.

Pemba wana popo wao, wa matunda, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ni mkubwa, mabawa yakinyooshwa hufikia karibu meta 1.6, na manyoya yake ni mekundu ya kahawia. Watu walimwinda kwa nyama, na bunduki zilipoingia katika uwindaji huo wakawa wanakwisha. Misitu nayo ilikatwa kupanda mikarafuu na mazao mengine. Hesabu iliyofanywa mwaka 1995 ilikadiria wamebaki 5,000 hivi, na mwaka 1996 aliwekwa katika orodha ya wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Kilichofuata kilifanywa na wanakijiji, wakisaidiwa na mashirika ya hifadhi na watumishi wa idara ya misitu. Viliundwa vikundi vya kulinda viota vyao, watoto wakafundishwa shuleni, na watu wakaanza kuhesabu. Kijiji cha Kidike ndicho kinachojulikana zaidi: wenyeji wanalinda miti wanayolala popo, na mgeni akija kuwaona hutoa kiingilio kinachobaki kijijini. Baadhi ya makundi yalikuwa yamesalimika kwa sababu yalilala katika miti ya makaburini, ambayo wazee walikataza isikatwe. Ilipofika mwaka 2008 popo hao walihesabiwa kupita 20,000, na daraja lao la hatari likashushwa.

Mama mmoja alisema, "Wao wana bahari na watalii. Sisi nani atalipa kutazama mavi ya dari?" Alikuwa na haki. Hakuna mtalii atakayekuja kwetu. Lakini Uingereza nako wapo waumini wenye shida kama yetu. Sheria yao inakataza kuua popo, na kati ya mwaka 2018 na 2023 kanisa la Anglikana na wataalamu wa popo waliendesha mradi wa pamoja wa kutafuta namna waumini na popo watakavyokaa katika jengo moja bila kuumizana. Watu wa kujitolea walikwenda kanisa kwa kanisa wakiangalia popo walipo. Tangu mwaka 1996 nchi hiyo ina mpango wa kuhesabu popo, na wengi wa wahesabuji ni watu wa kawaida wanaosimama nje jioni.

MAHARAGWE MFUKONI

Nasi tukasimama. Safari hii kundi jingine lilikuwa limeingia upande wa pili wa jengo, kwenye kenchi juu ya sakristia, na wazee walikuwa wameanza kuulizia dawa ya kupulizia. Niliomba wanipe mwaka mmoja. Yule mzee wa Walawi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sista, mara ya kwanza tulikusikiliza, tukasali nje." Niliinamisha kichwa. Akaongeza, "Haya. Mwaka mmoja."

Kazi yenyewe ni rahisi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likizama, akina mama wanne tunasimama nje, wawili kila upande wa tundu wanalotokea, mbingu ikiwa mbele yetu ili popo waonekane weusi. Hatuwashi tochi. Kila mmoja ana maharagwe katika mfuko wa kulia wa gauni au khanga iliyofungwa. Popo kumi wakitoka, haragwe moja linahamia kushoto. Giza likiingia tunahesabu maharagwe, tunalinganisha, tunaandika katika daftari la mistari: tarehe, hali ya hewa, idadi, jina la mwandishi. Jioni ya kwanza mimi nilipata maharagwe 31, mwenzangu 19. Alikuwa akisali macho yamefumba, alisema, kwa woga. Jioni ya tatu tulianza kukaribiana.

Baba watoto alicheka sana. "Wanawake wengine wanahesabu mayai," alisema. Lakini mwezi wa tatu alikuwa akiniuliza mezani, "Leo wangapi?"

Daftari likatuonyesha jambo ambalo fundi asingeweza kulijua. Mvua zilipoanza idadi ilipanda, kisha ikapanda tena ghafla baada ya majuma machache, vitoto vilipoanza kuruka. Kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, ilishuka sana, na hapakuwa na sauti za vitoto mchana. Huo ndio wakati tuliomwita fundi, yuleyule. Hakuziba. Alining'iniza juu ya tundu kipande cha wavu laini, kimefungwa juu na pembeni, chini kikiwa wazi. Popo anayetoka huteremka chini ya wavu na kuruka. Anayerudi hulenga tundu na kulikosa. Tuliuacha wavu ule zaidi ya juma moja, tukihesabu kila jioni. Jioni tatu mfululizo hakutoka hata mmoja. Ndipo saruji ikawekwa.

Mnara wa kengele tuliwaachia. Hakuna anayekaa chini yake, na kinyesi kinachoanguka tunakizoa kibichi na kukipeleka kwenye bustani ya mboga ya kikundi, kikae kwanza kwenye mboji. Si wote waliokubali kuhamia mnarani. Tulipohesabu mwezi uliofuata walikuwa chini ya nusu, na sikujua wengine wamekwenda wapi mpaka mwalimu mmoja anayeishi jirani aliponiletea ujumbe usio wa furaha.

MBEYA NAKO

Dada yangu ameolewa Mbeya. Mwaka jana nilipomtembelea nilibeba maharagwe yangu kwa mzaha, nikakuta mzaha si mzaha. Huko kuna Mapango ya Popo katika bonde la mto Songwe, karibu na chemchemi za maji moto, ambako enzi za ukoloni kinyesi kilichimbwa kikawa mbolea. Eneo hilo sasa liko upande wa mkoa wa Songwe uliogawanywa mwaka 2016. Jirani wa dada alitaka wanawe wa likizo waende kutembea mapangoni. Nilimweleza habari ya Marburg na ya kuvu, nikamwambia kama ni kutazama, watazame nje jioni popo wanapotoka, wasiingie. Alishangaa kwamba ninayewatetea popo ndiye niliyemkataza. Nikamwambia yote mawili yanakwenda pamoja: kila mtu abaki chumbani kwake.

Upande wa Rungwe malalamiko ni ya matunda. Popo wa matunda huchagua tunda lililoiva. Parachichi la kuuzwa huchumwa likiwa gumu, kwa hiyo hasara kubwa iko kwa mapera na maembe yaliyoachwa mtini. Dada yangu huchuma mapema na kuivishia ndani kwenye majani ya migomba. Kanisani kwao nako kuna popo. Nilimfundisha kuhesabu. Ameniletea idadi mara mbili kwa simu, mara ya tatu akasahau, nami namfahamu dada yangu.

Mama unayetaka kuanza, huhitaji fedha. Anza kwa kutazama wanapotokea, na usiguse kitu mpaka uijue misimu yao. Watoto wafundishwe kutomshika popo aliyeanguka. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshwe kwa sabuni dakika 15 na apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Popo aliyeingia chumbani aachiwe dirisha wazi na taa ndani izimwe, atatoka. Ikiwa popo au wanyama wengine wanakufa wengi kwa pamoja, usiwaguse, toa taarifa kwa afisa mifugo au kituo cha afya.

Mwalimu yule bado ana hasira, na haki anayo, maana popo wetu sasa wako juu ya chumba cha watoto wake. Mke wake alinifuata baada ya ibada. "Kamwene, dada. Mume wangu amenunua dawa, iko chini ya kitanda. Nimemwambia asubiri." Nilimwuliza kama amesikia vitoto mchana. Akasema ndiyo, tangu juma lililopita.

Jumanne jioni tunakwenda kwake, wanne, na maharagwe. Mzee wa Walawi amesema atakuja pia, ila yeye atahesabu kwa punje za mahindi, kwani maharagwe ni kazi ya wanawake.